Baba na Vikwembe vya Mama

Harufu ya mchanga mbichi hunirudisha Likasi, mji wa migodi kule Kongo. Nilikuwa na miaka tisa. Baba, mchimbaji wa mgodini, alipoteza kazi na nyumba ya kampuni. Tukahamia kilimani, hakuna bomba la maji.

Siku moja baba alitandaza vikwembe vya mama, vitenge vyake vya kujifunga, kimoja juu ya kingine, akavisukuma kutoka pande mbili hadi vikajikunja, akaniambia:

“Zamani matope ililala hivi ndani ya maji. Inchi, hii ardhi, ikasukuma, milima ikasimama, katikati ikabaki kama sahani. Maji iko mule.”

“Papa, utachafula bikwembe yangu!” mama akamfokea baba.

Baba alichimba kisima kati ya vilima viwili, majirani wakimcheka. Siku ya nne mchanga ukalowa. Mama alimfuta matope kwa kimojawapo cha vikwembe vilevile.

Shule sikuimaliza; somo la baba la vikwembe ndilo lililobaki nami. Leo nina nyumba tatu, kinu cha mahindi, na kisima kile cha baba.