Verni Niliyopaka Ukutani kwa Mama Mkubwa

Kosa ni langu. Sikukosa kwa kutojua. Nilikosa kwa kujiona najua, na hilo ndilo linalonichoma. Naandika bila jina, ingawa wa nyumbani wakisoma watanitambua.

Mama mkubwa, dada ya mama yangu, anakaa Mulongwe. Kila kiangazi alikuwa akipaka kuta za nyumba yake upya, kwa vidole tu: udongo mweupe, udongo mwekundu wa mlimani, masizi ya chungu. Pembe za ng'ombe, mawimbi, mistari inayokimbizana mpaka unaona ukuta unatembea. Mvua zikija, zinaosha yote. Mwaka unaofuata anaanza tena, na hakurudia picha hata moja.

Mimi nilirudi likizo kutoka chuo kikuu. Huko tulibishana mpaka chakula kinapoa: uzuri ni nini? Sisi weusi tuna sanaa, au tuna kazi ya mikono tu? Profesa mmoja alisema sanaa ni kile kinachobaki. Nilimchukia kwa neno hilo. Kumbe nililimeza.

Mzungu mmoja wa Usumbura, mkusanyaji wa picha, aliniahidi kuja kuuona ukuta ule. Lakini angechelewa wiki kadhaa, na mawingu yalikwisha kukaa juu ya milima. Mama mkubwa alipopanda milimani, Rurambo, kwenye kilio cha msiba, nilinunua verni kwa seremala wa Kasenga, ile ya kung'arisha makabati, nikaupaka ukuta wote wa mbele.

Ulimetameta. Nilifurahi, siwafichi.

Aliporudi alisimama uani na mzigo kichwani. Hakuushusha.

"Ni nani alifanya hii?"

"Ni mimi, mama mkubwa. Sasa mvua haitaifuta."

"Na nani alikuambia minye nataka ikae?"

Nikamweleza habari za Mzungu, na watu wa mbali watakaojua kwamba sisi pia tuna vitu vizuri.

"Na weye," akasema, "mbele ya kujua huyo Mzungu, ulikuwa haujue kama iko muzuri?"

Jirani yake alikuwa akicheka upande wa pili wa uzio: "Dada, musomi wako amekaanga nyumba! Ngoja iive."

Mvua iliponyesha, maji yaliingia kwa juu, chini ya nyasi za paa, yakashuka nyuma ya verni. Ngozi ile ikavimba, ikachanika, ikaanguka vipande vipande na rangi zikiwa zimeng'ang'ania humo. Mzungu alikuta ukuta wenye madoa kama ugonjwa. Akasema pole, akapanda gari lake.

Hiyo si hasara ninayoiungama. Hasara yenyewe ilikuja kiangazi kilichofuata. Mama mkubwa alikanda udongo wake kama kawaida, akaupaka. Haukushika. Uliteleza mpaka chini. Akakwangua, akapaka tena. Verni ilikuwa imezama ukutani. Mara ya tatu nilisogea kumsaidia.

"Acha," akasema. Akanawa mikono.

Nikamwambia tutauvunja ukuta, nitaujenga upya kwa mikono yangu.

"Hii ukuta nilijengaka na baba ya watoto yangu, mbele hajafa. Unataka kuvunja na hii?"

Tangu siku hiyo hajapaka kitu, hata kuta za nyuma ambazo sikuzigusa. Nikienda kumsalimu ananipa ugali na ndagala, ananiuliza habari za masomo. Habari za ukuta, hapana. Na mimi bado nabishana na kichwa changu: kitu kinachooshwa kila mwaka ni sanaa? Sijui. Ninachojua ni kwamba kilikuwapo, na sasa hakipo.

Wenzangu mliosoma, mnaorudi nyumbani na moto wa kuokoa vitu, msiguse kazi ya mtu kabla ya kumwuliza anaifanyia nini. Mwulizeni akiwa yupo, si akiwa msibani. Mimi nilikuwa na maswali kwa dunia nzima. Yeye sikumwuliza hata moja.