Mengineyo ya Bertilla

Bertilla wa kijiji cha Pito alikuwa mwepesi wa kucheka, mzito wa kusamehe. Kwa kupika pombe ya ulezi hakuwa na mpinzani Ufipa nzima. Anayebisha hajawahi kuionja.

Mwaka ule tulipoanza kuambiwa matibabu ni kuchangia, mwanawe Rozina alilazwa mjini kwa kichomi. Bertilla akafunga hela ya kitanda pindoni, akajiona kajiandaa. Thubutu! Glovu, kanunue duka la nje. Sindano, nje. Bado mkaa wa uji, beseni, sabuni, mkeka wa mama kulalia. Siku kumi na moja, na huko nyumbani mahindi yake yanaliwa na ng'ombe wa watu.

Siku ya tisa akaingia Wilibrodi, mnunuzi wa nafaka, rafiki wa mumewe, na nusu kilo ya sukari.

"Pole, shemeji. Matibabu si kitu, mengineyo ndiyo yanamaliza watu. Niuzie ule ulezi wako ungali shambani."

Gunia tatu, kwa bei ya moja! Bertilla akamtazama mtoto anavyohema, akapokea. Rozina akapona. Mama yake, moyoni, hakupona.

Februari iliyofuata Wilibrodi alitaka kuinua matuta ya kufukia nyasi ziwe mbolea, eka nne. Kwetu kazi hiyo haiendi bila pombe: majirani wanalima, mwenye shamba ananywesha. Akampelekea Bertilla ulezi wa kupika, ule ule wake!

"Utanidai ngapi, shemeji?"

"Elfu moja tu."

Akaondoka anachekelea.

Jumamosi mchana, majembe arobaini yakiwa yamefika nusu ya shamba, Wilibrodi akaja mbio na mkokoteni. Bertilla alikuwa amekaa uani kwake, jirani na shamba lile, mbele ya mitungi, kanga kiunoni.

"Elfu yako hii."

"Hiyo ya mpishi, shemeji. Bado mengineyo. Kuni, debe tatu za ulezi. Maji ya mtoni, debe mbili. Kusaga kimea, tatu. Mitungi, mbili. Kukesha na moto, mbili. Jumla debe kumi na mbili, gunia mbili kamili."

"Unaniua! Watu wana kiu kule!"

"Pole. Hata mwanangu alikuwa anahema."

Kutoka shambani mzee Abel akapaza sauti: "Wilibrodi! Pombe inakuja, au tuondoke na majembe yetu?"

Watu wakaangua kicheko. Wengine wakaanza kuweka majembe begani. Wilibrodi akatazama eka mbili ambazo hazijaguswa, akatazama mitungi, akageuza mkokoteni kwenda ghalani kwake.

Gunia zilipofika, Bertilla akaingiza mkono ndani hadi kwenye kiwiko, akahakikisha hakuna makapi. Akachota kibaba kimoja, akammiminia Wilibrodi kofiani.

"Cha nini hiki?"

"Sukari yako, shemeji. Mimi sidhulumu mtu."

Rozina, mashavu yamejaa, akapanda juu ya gunia akakaa.