Bitoyo, Divai Nyeupe na Mkono wa Bukari

Nkandu anauza divai katika duka moja la katikati ya mji wa Lubumbashi, na ulimi wake una sifa. Mnusishe mvuke wa chungu tu, atakuambia chupa ya kufungua. Mume wake, Donat, hutamba nalo jambo hilo mbele za watu. Baba yake Donat, mzee Kalaba wa kule mtaa wa Annexe, hakutamba hata kidogo. Kwake, mwanamke anayeshinda na chupa ni mwanamke wa baa, basi, na tangu ndoa ifungwe hakuwahi kuonja chakula cha mkaza mwana wake. Nkandu hakujibizana naye. Chema chajiuza, alijiambia.

Jumapili moja mzee akakubali kuja na mkewe. Nkandu alitaka kitu kimoja tu: ale, ashibe, amwone kuwa mtoto wa nyumbani. Akasonga mwenyewe bukari, ndio ugali wa huko, akapika bitoyo, wale samaki wa chumvi, kwa nyanya na vitunguu. Na kwa kuwa chumvi hupenda divai nyeupe yenye uchachu, akapoza chupa moja nzuri.

"Baba, munakula kidogo, munakunywa kidogo," alieleza akimimina. "Ile vin inakamata chumvi, samaki inakuwa na utamu ingine."

Ushauri mzuri, lakini ni wa watu wa uma na kisu! Mkono wa kulia wa kila mtu ulikuwa umeshajaa bukari, na glasi zilikuwa nyembamba, zinang'aa. Mkono wa kushoto? Mbele ya mzee? Thubutu! Watu wakabaki kuzitazama glasi. Mtaalamu wetu alifikiria kila kitu, mikono akaisahau.

Mzee Kalaba hakutaka isemwe kwamba alikataa kinywaji cha mwenyeji. Akavuta beseni, akanawa vizuri, akainua glasi.

Balaa! Mkubwa akinawa, chakula kimekwisha. Mama mkwe naye akanawa. Donat akanawa, huku akiwakodolea macho samaki aliowaonja mara moja tu. Bukari ikabaki mlima mzima mezani, na Nkandu akahisi machozi yanamlenga. Baba mkwe amenawa kabla ya kushiba! Kesho Annexe nzima itajua.

Mzee akanywa. Akalamba midomo, akaitazama sahani, kisha akaona mikono misafi imemzunguka pande zote. Akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Bote munanawa juu ya nini? Miye nilikuwa natafuta tu njia ya kukamata glasi!"

Nyumba nzima ikaangua kicheko, isipokuwa Nkandu, aliyesimama na birika la kunawishia mkononi, hajui aliweke wapi.

"Glasi ichafuke tu, inasafishwaka," mzee akasema, akainyoosha mikono juu ya beseni kama mtu aliyefika sasa hivi. "Leta mayi, mutoto wangu. Tunaanza tena."

Nkandu, aliyeitwa mtoto wake kwa mara ya kwanza, akammiminia, na maji mengi yakaishia sakafuni.