Nailantei Aliposhindwa Kuuza Taa

Nailantei alikuwa na mdomo, na soko zima la Karatu lilijua. Ukipita mbele ya meza ya vitunguu ya Mama Laurencia, alikokuwa akiuza, ukasema leo huhitaji, atakuuliza mboga utaziunga na nini, machozi? Na utanunua. Laurencia mwenyewe, Mwiraqw wa Qurus asiyemsifu mtu bure, alisema huyu binti wa Kimasai kutoka Kakesio angeweza kumuuzia padri pete ya ndoa.

Kwa hiyo kampuni ya taa za sola ilipobandika tangazo karibu na stendi kwamba inatafuta wauzaji wa kupita vijijini, uzoefu si lazima, Laurencia alimwambia, "Nenda. Kwangu utanuka vitunguu mpaka uzeeke."

Nailantei hakuwa na shida na taa. Shida yake ilikuwa Naisula, mwanawe wa miaka sita, aliyekuwa Kakesio kwa bibi yake. Aliyemzalisha alikwenda Dar kulinda mageti ya watu, akabadilisha na namba ya simu. Nailantei alilala stoo kwa Laurencia, magunia huku, yeye kule, na hapo humleti mtoto. Kazi ya taa ilikuja na chumba nyuma ya ofisi. Akiipata, Januari Naisula anaanza darasa la kwanza mjini, analala kitanda kimoja na mama yake. Alishamwahidi kwenye simu. Alikosea kuahidi mapema, ndiyo, lakini mtoto akikuuliza kila mara unakuja lini, utamjibu nini?

Siku ya usaili alivaa viatu vya Laurencia, vikubwa, amevijaza karatasi mbele. Kabla yake aliingia kijana mmoja, Emilian, aliyekuwa akiwaita watalii kwenye duka la vinyago. Sauti zilitoka mpaka kwenye benchi.

"Sitaki taa," mkubwa wa ofisi alisema.

"Mzee wangu, leo hutaki, kesho giza likikukamata utanitafuta na hunipati!"

Wakacheka wote wawili. Nailantei naye akatabasamu. Kama ni hilo tu, alijiambia, huyu kijana simwachii nafasi.

Alipoingia alikuta mzee wa koti na tai, na masikio yaliyotobolewa yakaning'inia mpaka karibu na kola. Aliyaona yale masikio, na kabla hajafikiri kichwa kilishainama. Mzee huyo, Sairowua, akanyoosha mkono, akamgusa utosini kama inavyotakiwa, akamuuliza kwa Kimasai yeye ni wa nani. Akamtaja baba yake.

"Eh! Huyo ni Landisi mwenzangu, rika moja kabisa. Basi wewe ni binti yangu."

Alifurahi kweli. Nailantei akaona mambo yamekwisha nyooka. Kumbe ndipo yalipoharibikia, maana mwenzake baba kwa rika ni baba. Humkazii macho, hubishani naye, na akikataa jambo limeisha.

Mzee akaweka taa mezani. "Haya, niuzie."

Alianza vizuri. Taa inawaka usiku kucha, inachaji simu, haina moshi wa kuumiza macho ya mama jikoni.

"Sitaki," mzee akasema. "Nina tochi."

Maneno ya kumjibu yalikuwepo, mengi. Nailantei akatazama sakafu.

"Sawa, baba."

Mzee akauliza, "Umemaliza?"

"Umesema hutaki, baba."

"Binti yangu, hapa mimi si baba. Ni mteja. Jaribu tena. Sitaki taa."

"Nimesikia, baba."

Sairowua akafunika kalamu yake taratibu. "Wamekulea vizuri," akasema. "Lakini wanaonunua hizi taa kule ni wazee kama mimi, wao ndio wenye ng'ombe. Utamuuzia nani?"

Nailantei akainamisha kichwa tena.

"Nafasi nampa yule kijana. Msalimie baba yako."

Sokoni Laurencia alimsikiliza mkono kiunoni. "Ukasema sawa? Mimi unanibishia kutwa nzima, mpaka bei ya vitunguu vyangu mwenyewe, halafu huko unasema sawa?"

"Wewe si rika la baba."

"Na namshukuru Mungu! Kesho urudi umwombe."

"Ameshakataa, mama."

Laurencia akasukuma gunia kwa mguu. "Vua viatu vyangu. Uchambue vitunguu vilivyooza."

Jioni simu ikaita. Kule bibi yake Naisula alikuwa amepanda kilimani kutafuta mtandao, na mtoto yuko naye.

"Nguo zake amezifunga tangu asubuhi," bibi alisema. "Ongea naye mwenyewe."

"Mama," Naisula akasema, "unakuja kunichukua?"

"Hapana, mwanangu. Kazi wameninyima."

Nailantei akakaza simu sikioni. Alingoja kilio. Alingoja aulizwe kwa nini, aambiwe si uliniahidi. Njia nzima kutoka ofisini alikuwa akipanga ya kumjibu, moja baada ya jingine. Upepo wa Kakesio ukavuma kwenye simu.

"Sawa, mama," Naisula akasema, akamrudishia bibi yake simu.