Sala ya Kuwasha Kohokoho

Wenzangu mliokulia Kolwezi enzi zetu, bado mnaikumbuka ile baridi ya mwezi wa sita? Unaamka unakuta majani ya viazi yameungua kwa umande ulioganda, na pua inachuruzika kabla hujanawa uso. Vijana wa leo wanavaa makoti mazito kama wanakwenda kuishi Ulaya, na bado wanalalamika. Sisi tulikuwa na sweta moja, uji wa karanga, na Kohokoho.

Kohokoho ilikuwa gari ya baba. Ilikuwa ndogo, nyeupe kwa jina tu maana vumbi letu jekundu lilikwisha kuibadilisha kabila, na ilitumia mazutu, yaani dizeli. Tuliiita Kohokoho kwa sababu kila asubuhi ilikohoa kama mzee mvuta tumbaku kabla ya kuondoka. Baba alikuwa karani wa ghala kwenye migodi, si mtu mkubwa, lakini akishika usukani wa ile gari usingemwambia kitu.

Injini ya namna ile ilikuwa na ndugu zake mjini. Ilikuwa kwenye gari ya mikate, kwenye gari ya masista, na kwenye gari ya bluu ya jirani yetu Tata Mukendi. Zote zilitoka kiwanda kimoja, ndogo, zenye kelele, zisizopenda kufa. Tukiwa uwanjani tunacheza nzango, mchezo wetu wa wasichana wa kurusha miguu, tuliweza kusema kwa sikio tu ni nani anapita. Vipuri vilipoanza kuadimika, wenye gari hizo waliazimana kama watu wa ukoo mmoja. Buji za Kohokoho zilipoungua, Tata Mukendi alifungua zake mbili akampa baba, akabaki kuihangaikia gari yake mwenyewe.

Buji, kwa nyinyi mnaobonyeza kitufe na kuondoka, ndizo zinazopasha moto injini ya mazutu ikiwa imelala kwenye baridi. Unazungusha ufunguo nusu, taa ndogo ya rangi ya chungwa inawaka, unangoja. Ikizimika ndipo unawasha. Ukifanya haraka, gari inatoa moshi mweupe na kunyamaza, na betri inazidi kuchoka.

Sasa wewe jaribu kuwangojesha watoto wa mtaa mzima waliojazana nyuma, wakifinyana, huyu amekalia mfuko wa mwenziwe, yule anataka dirisha. Baba alipata dawa yake.

"Batoto, tusali!"

Tukaanza Baba Yetu kwa sauti moja. Tukifika kwenye mkate wa kila siku, taa inazimika, baba anawasha, na ule mngurumo unameza maneno yote yaliyobaki. Kila asubuhi ilikuwa hivyo. Mimi na Bijou, binti wa Tata Mukendi, tulikua tukiamini kwamba sala inaishia kwenye mkate na kwamba ndiyo inayowasha gari. Kanisani tukifika pale tulinyamaza, halafu tukanguruma kwa midomo, brrrr, mpaka mama akatufinya mapaja.

Bijou alikuwa rafiki yangu wa pekee. Tulizaliwa hospitali moja, tukanyonya mtaa mmoja. Kwao walikula nshima, kwetu tulikula bukari, yote ni ugali, na tulibishana ipi inashibisha huku tukila zote mbili. Bibi yake, Kaku, alikuwa na miguu iliyovimba na mkono mwepesi wa kugawa karanga. Kaumba, kijana mkubwa kuliko sisi wote, ndiye aliyekuwa mkuu wa kusukuma gari betri ikichoka. Aliweka mikono upande wa kulia wa buti, na hakuna aliyethubutu kumchukulia nafasi ile.

Kisha migodi ikaanza kuanguka. Mishahara ikachelewa, halafu ikasahaulika. Watu wakiwa na njaa hutafutiwa wa kumlaumu, na sisi tulitafutiwa jirani. Barabarani wakaanza kusema: "Bakasai barudi kwabo." Tata Mukendi alikuwa Mkasai, ukoo wake ulitoka jimbo la Kasai. Bijou aliniuliza tukiwa tumekaa kizingitini, "Kwetu ni wapi?" Nikamwonyesha mlango wao, maana sikujua pengine.

Gari ya bluu ilichomwa moto. Familia nyingi zilikwenda stesheni kwa miguu, magodoro kichwani, kungoja treni. Lakini Kaku hakuweza kutembea hata kufika kona. Kumwacha nyuma kulimaanisha kumwacha mikononi mwa vijana waliojifunga vitambaa kichwani, na Kaumba wetu sasa alikuwa mmoja wao. Walikwisha kutangaza kwamba atakayembeba Mkasai ataondoka naye. Wenye gari wote wakawa na safari, au wagonjwa, au hawana mazutu.

Mama alimshika baba mkono jikoni. "Na batoto bako, je?"

"Moteri yangu iko natembea na buji za Mukendi," baba akajibu. "Kesho nitaiwasha namna gani? Nitasali nini?"

Mama akamwachia mkono. Akafunga bukari kwenye kitambaa kwa ajili ya safari.

Asubuhi ile ilikuwa na ukungu. Kaku aliwekwa mbele, Bijou na mama yake nyuma na mabunda yao, na mimi nikajipenyeza nikakaa karibu na Bijou kabla mtu hajanikataza. Tata Mukendi alisimama nje, kofia mkononi. Vijana walikuwa wamejipanga kwenye kona wakitutazama. Baba akazungusha ufunguo nusu. Taa ikawaka.

"Tusali," akasema, safari hii polepole.

Tukafika kwenye mkate. Taa ikazimika, baba akawasha. Kohokoho ikajivuta, ikakohoa, ikanyamaza. Betri ilikuwa imekwisha. Mimi na Bijou tulinyamaza pia, kwa kuwa sala yetu iliishia pale.

Kaku hakunyamaza. Alikuwa amefumba macho, na dirisha lake lilikuwa wazi. Akaendelea peke yake, kwa sauti yake nzito, akaomba tusamehewe makosa yetu kama tunavyowasamehe waliotukosea. Ndani ya ile gari nilikuwa sijawahi kuyasikia maneno yale. Hakukuwa na mngurumo wa kuyameza, na mtaa mzima uliyasikia.

Kaumba akatoka kwenye kona. Bijou akanishika mkono mpaka kucha zikaniingia. Alipita mbele ya Tata Mukendi bila kumtazama, akaenda nyuma, akaweka mikono upande wa kulia wa buti.

"Tata, tia gia ya pili," akamwambia baba.

Wenzake wawili wakaja, Tata Mukendi naye akaingia katikati yao. Wakasukuma. Mtaa wetu unateremka kuelekea reli. Baba akaachia klachi, Kohokoho ikakohoa mara moja, ikashika.

Akina Bijou walikaa stesheni majuma mengi chini ya mahema ya nailoni, na baba aliwapelekea bukari mpaka mazutu yakaisha. Treni iliwachukua siku moja tukiwa shuleni. Sikumuaga Bijou, na bado inaniuma. Tulisikia kwamba wengi walifia njiani, hasa wazee na watoto wachanga. Hata leo sijui kama Kaku alifika.

Kaumba anauza vocha za simu karibu na soko. Ninanunua kwake, tunasalimiana kwa heshima, na ile asubuhi hatujawahi kuitaja. Kolwezi imejaa malori, na madini yetu wanasema yanakwenda kutengeneza gari zisizonguruma kabisa. Kijana wangu ana gari yake ya kitufe. Anapanda peke yake, anabonyeza, amekwenda, viti vya nyuma vitupu. Sisi tulikuwa na kikohozi, moshi na sweta yenye matundu, lakini hakuna aliyeondoka peke yake, na hakuna aliyeuliza aliyembana kiti cha nyuma ni wa kabila gani.

Akinipeleka kanisani namzuia mkono asibonyeze kwanza.

"Mama, uko nangoja nini? Hii haina taa."

Najua haina. Nasali mpaka kwenye mkate, kisha naendelea, taratibu, mpaka nipite pale alipofika Kaku. Ndipo ninamwachia mkono.