Simu Iliyopokewa na Abiria Wanne

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, foleni ya abiria bado haijajipanga, Araba Essuman ameegemea mlango wa teksi ya mzee mmoja katika stendi ya Kwesimintsim, mjini Takoradi, Ghana. Humwita Egya, yaani baba, na leo anampa mtihani.

"Egya Kobina, uko barabarani, simu inaita. Unafanya nini?"

"Napokea."

"Kwa nini?"

"Si kwa sababu inaita!"

Madereva wenzake wanacheka. Kabla Araba hajajibu, simu ya mzee inaita kwelikweli. Anabonyeza kwa fahari, anasubiri sauti itoke kwenye redio ya gari lake. Haitoki. Inatoka kwenye teksi ya Araba, iliyoegeshwa hatua tatu kutoka hapo milango ikiwa wazi: "Kobina! Umeondoka tena na ufunguo wa stoo! Watoto wa watu wanywe uji wa nini?"

Mzee anageuka huku na huku akimtafuta mkewe.

"Yuko kwenye gari langu, Egya," Araba anamwambia. "Wiki iliyopita tulijaribu simu yako kwenye redio yangu, nayo haijasahau. Leo tunaifundisha kusahau."

Kicheko kinachukua muda kuisha. Kisha Araba anaongeza kwa sauti ya chini, "Sasa fikiri kama angekuwa daktari."

Katika stendi hii hakuna asiyejua anachomaanisha.

Araba ana miaka arobaini na minne. Teksi anayoendesha ilikuwa ya mumewe, Ebo, aliyefariki miaka sita iliyopita. Siku nzuri, akishatoa mafuta, hubaki na sedi mia mbili. Fedha hizo zimemlisha yeye na zimemsomesha binti yake wa pekee, Kuukua, katika chuo cha ualimu Cape Coast.

Polisi walimkamata mara mbili akiwa na simu sikioni. Mara ya pili alipelekwa mahakamani akatozwa faini. Alipotoka huko alikwenda moja kwa moja Kokompe, kwa mafundi wa magari, akanunua redio iliyotumika yenye kuunganishwa na simu bila waya. Fundi alimbandikia kipaza sauti kidogo karibu na kioo cha mbele.

"Nilijiona waziri," anasema. "Mtu anapiga, nami mikono yangu yote iko kwenye usukani. Sauti inajaa gari zima. Sikuwaza kwamba gari zima lina watu."

Wakati huo alikuwa na uvimbe katika titi la kushoto. Alikuwa nao kwa miezi minane. Hakumwambia mtu, hata Kuukua, kwa kuwa binti alikuwa anakaribia mitihani, na tangu baba yake afariki kila habari ya hospitali ilimtoa usingizini. Hatimaye Araba alikwenda peke yake akakatwa kipande kidogo cha nyama kwa ajili ya uchunguzi.

Majibu yalitoka Jumanne moja ya Machi, mwaka jana. Garini kulikuwa na abiria wanne. Mbele alikaa Bwana Ackon, mzee wa kanisa. Nyuma walikaa mwanafunzi mmoja na mwanamke mgeni, na Maame Baiden, mchuuzi wa samaki wa moshi, ambaye kila asubuhi aligombana na Araba kuhusu beseni lake.

"Gari langu linanuka kama tanuri lako," Araba alikuwa amemwambia asubuhi hiyo.

"Linanuka chakula. Lingenuka njaa ungefurahi?"

Simu iliita wakiwa wanateremka kuelekea soko la Market Circle. Simu yenyewe ilikuwa ndani ya mkoba, chini ya kiti. Redio ikapokea kama ilivyozoea.

"Haloo, naongea na Araba Essuman?"

"Ndiye."

"Nakupigia kutoka hospitali. Majibu ya ile nyama tuliyochukua kwenye titi lako yametoka. Daktari anataka uje leo hii. Usije peke yako."

Araba alinyoosha mkono kukata. Kidole kikagusa kitufe cha kuongeza sauti.

"Madam Essuman? Umenisikia?" Sasa muuguzi alikuwa kama mhubiri wa uwanjani. "Nimesema ni lile titi la kushoto."

Gari lilikwenda upande. Mkokoteni wa nazi ulipita pembeni yao kwa upana wa kiganja. Bwana Ackon alishika dashibodi kwa mikono miwili. Araba alisimamisha gari kando ya barabara, akaweka paji la uso kwenye usukani. Hakulia. Anasema alisikia aibu kabla ya kusikia hofu, kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

Aliyesema kwanza ni Maame Baiden.

"Wewe Araba. Nitazame kwenye kioo."

Araba hakuinua kichwa.

"Nitazame, nimesema! Mimi la kulia walilitoa miaka saba iliyopita. Na bado niko hapa nakutukana kila asubuhi. Washa gari, tunakwenda hospitali."

"Na samaki wako?"

"Samaki wameshakufa. Washa gari."

Mwanafunzi na yule mgeni walishuka hapohapo wakatembea kwa miguu. Araba hajawaona tena. Bwana Ackon alishuka Market Circle, akamshika bega. Maame Baiden alikabidhi beseni kwa jirani yake wa meza ya sokoni, akarudi garini, akakaa kiti cha mbele. Ndiye aliyeketi karibu na Araba daktari alipotamka neno saratani. Ndiye aliyeuliza maswali.

"Mimi sikuwa na maswali," Araba anakumbuka. "Yeye aliuliza mpaka nitakula nini. Daktari anapiga chafya kwa harufu ya samaki, yeye anauliza tu."

Jambo lililomuumiza zaidi ya ugonjwa lilitokea jioni ile.

Bwana Ackon, kwa nia njema, alirekodi sauti akaituma kwenye kundi la maombi la kanisa: tumwombee dada yetu Araba, dereva wa teksi wa Kwesimintsim, amekutwa na ugonjwa wa titi. Watu wakaitikia amina, wakaipeleka mbele. Kabla ya saa mbili usiku ilikuwa imefika Cape Coast. Mwanafunzi mmoja anayesoma na Kuukua aliisikia, akamfuata bwenini kumpa pole.

Kuukua akampigia mama yake.

"Mama, abiria wako wanne wamejua kabla yangu. Mimi nilikuwa nimekaa kiti gani?"

Kisha akakata. Kwa wiki mbili hakupokea simu ya mama yake.

"Ningemjibu nini?" Araba anauliza. "Nilificha nimlinde. Kumbe nilimfungia mlango, halafu nikawafungulia watu wa njiani."

Bwana Ackon alipopata habari za ugomvi huo alikwenda kwa Araba, kofia mkononi, kuomba radhi. Alimkuta amekaa kizingitini.

"Sala yako ilifika, Papa Ackon," Araba alimwambia. "Ila ilipitia kwanza kwa mwanangu."

Mzee yule alilia. Siku iliyofuata alisafiri kwa gharama zake hadi Cape Coast, akamweleza Kuukua mwenyewe jinsi ilivyokuwa: simu ilivyokuwa mkobani, na mama yake alivyohangaika kuikata akashindwa. Binti alifika Takoradi Jumamosi, siku mbili kabla ya upasuaji. Alimkuta Maame Baiden jikoni akipika supu na akilalamikia chumvi ya nyumba hiyo.

"Mwanangu hakuniuliza kitu," Araba anasema. "Alinivua viatu tu, akanikanda miguu. Mitihani ilikuwa karibu, akarudi chuo. Mpaka leo hatujalizungumza."

Baada ya upasuaji ilifuata dawa ya mishipani, mara sita. Nywele zilidondoka, kucha zikawa nyeusi. Kwa miezi minane dereva mwingine aliendesha teksi yake. Alipokwenda stendini kusalimia, baadhi ya wanawake walimtazama kifua kwanza, kisha uso. Mmoja aliuliza kama kiti cha dereva kinaambukiza. Maame Baiden alimjibu huyo kwa maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa.

Araba alirudi kwenye usukani Januari. Mkanda wa kiti hupita juu ya kovu, kwa hiyo huukunjia kipande cha kitambaa laini. Mkono wa kushoto huvimba akiutumia sana. Anafanya kazi hadi saa saba mchana, si zaidi.

Wiki ya kwanza alimwona dereva kijana akipokea simu ya mkewe kwa spika, garini wakiwamo watu watatu. Mke alikuwa analia. Araba alimfuata kwenye taa za barabarani, akagonga kioo. Masomo ya asubuhi yalianzia hapo, na hayana malipo. Hadi sasa amewafundisha madereva hamsini na watatu kuzima upokeaji wa simu wa moja kwa moja, na kufuta simu za watu kwenye redio walizonunua zikiwa zimetumika. Wenye kifaa cha sikioni huwaambia wavae sikio moja tu, la pili liachiwe honi. Na neno la kwanza baada ya haloo liwe: "Niko na abiria, nitakupigia."

"Hata hiyo ya sikioni haikutoshi kwa habari nzito," anawaambia. "Mikono iko huru, kichwa hakiko huru. Simama kando."

Wapo wanaombishia. "Anti, mimi sina siri," alimwambia dereva mmoja mbele ya wenzake.

"Wewe huna," Araba alimjibu. "Anayekupigia anazo."

Vipimo vya mwisho vilikuwa safi. Atapimwa tena baada ya miezi sita. Agosti, Kuukua anahitimu, na Araba ameshawatangazia wateja wake kwamba siku hiyo hapakii mtu. Atakwenda Cape Coast kumchukua mwanawe mwenyewe, warudi wawili tu.

"Ni mwendo wa saa mbili," anasema akifunga mkanda. Abiria wa kwanza wameanza kuingia, naye anashusha sauti. "Simu zote mbili tutazizima. Kuna maneno mwanangu aliyapata kwa watu. Nataka ayasikie kwangu."