Nilivyomtafutia Mzungu Mke

Sogea karibu, msomaji, nikueleze nilivyojiaibisha katika ofisi yangu ya kusaidia watu na viza, hapa Kitale.

Mzee mzungu aliingia kuuliza njia za kuishi ng'ambo kwa muda mrefu. Nikamlinganishia vibali vya kukaa Kenya: cha mwekezaji, cha mstaafu, hata cha mwenzi wa Mkenya.

“Cha ndoa ndicho rahisi, mzee. Shangazi yangu wa Bungoma ni mjane.” Nikampigia shangazi papo hapo.

Mama aliyekuwa kwenye benchi akainuka. “Wewe! Unamwoza mume wangu nikiwa hapa?”

“Mimi ni Mkenya bana, mzaliwa wa Kachibora,” mzee akacheka. “Tunataka kuhamia Ureno kwa binti yetu.”

Shangazi akauliza simuni, “Ati amekubali?”

Mteja akija, muulize kwanza ni raia wa wapi na anakwenda wapi.